Mteja akimdhalilisha mhudumu mbele ya watu, mwenye mgahawa afanye nini?

Mama Ndizi, Uyole

Wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu habari za kazi. Naombeni ushauri, maana jambo hili limenikaa rohoni na nyumbani tumelijadili mpaka tumenuniana.

Nina mgahawa hapa Uyole, Mbeya, upande wa barabara ya Tukuyu, ukitoka tu njia panda. Si mkubwa. Kuna mama mmoja jikoni, mabinti watatu wa kuhudumia, na mimi kaunta. Alfajiri tunaanza na supu na chapati, mchana ndizi za Tukuyu na nyama, wali wa Kyela na maharage, makande, na usipa wakipatikana. Wateja wangu ni wa makundi mawili. Wapo wa hapa hapa: mafundi gereji, vijana wa bajaji, akina mama wa sokoni. Hawa tunajuana hadi majina ya watoto. Halafu wapo wa njiani: madereva wanaokwenda Tunduma au mpakani Kasumulu, na abiria wa Kyela ambao konda kawaambia "dakika kumi, chimbeni dawa, tunaondoka."

Wiki iliyopita mchana wakaingia wanaume wanne na gari lao dogo. Mmoja wao, mtu mzima wa kuamkiwa, hakumsalimia yeyote. Alipiga mluzi, halafu akagonga meza kwa funguo za gari. Binti akaenda. Wakaagiza ndizi nyama wote wanne. Chakula kilipofika, yule baba akasema nyama ya baridi. Binti akaomba radhi, akairudisha, mama akaipasha, ikapelekwa tena inafuka moshi. Hapo ndipo aliposema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Ndiyo maana mmeishia kubeba sahani, shule iliwashinda." Wenzake wakacheka. Binti mwenyewe ana miaka 19, kamaliza kidato cha nne, mama yake yuko Busokelo na yeye ndiye anayemtumia hela ya mbolea. Akasema "samahani baba," akabaki amesimama pale pale kwa sababu hajaambiwa aondoke.

Nikatoka kaunta. Sikupaza sauti. Nikamwambia, "Baba, karibu sana. Chakula kikiwa na kasoro niambie mimi, nitakibadilisha hata mara mbili. Ila huyu binti usimtukane, yuko kazini kama wewe unavyokuwa kazini kwako." Akainuka, akasema hajazaliwa mama ntilie wa kumfundisha adabu, wakaondoka wote. Sahani nne zimeshaguswa, hakuna aliyelipa.

Mume wangu anasema nimefukuza wateja, na kwamba biashara ya chakula ni uvumilivu. Hilo naweza kubishana nalo. Lililoninyima usingizi ni lingine. Jioni tunafunga, binti akanijia taratibu akaniuliza, "Mama, zile sahani nne utanikata zote mwezi huu au utagawa?" Kumbe alikotoka, kila mteja akikimbia bila kulipa, mshahara wa mhudumu ndio unaolipa. Kwa hiyo wakati mimi namtetea, yeye alikuwa anahesabu hasara yake.

Sasa nauliza wenye migahawa, na hata ninyi mnaokula tu: mteja akimdhalilisha mhudumu, mwenye mgahawa aseme pale pale au asubiri? Na aseme vipi ili mhudumu asije akaumia mara mbili?

Binti Kihesa, Iringa

Kamwene mama. Nimesoma mpaka pale binti alipouliza atakatwa vipi, nikaiweka simu chini kwanza. Swali hilo nimewahi kuliuliza mimi kwa bosi wangu wa wakati ule, na sikujibiwa kama ninavyoamini wewe umemjibu.

Nilihudumia miaka kadhaa kwenye hoteli moja hapa Iringa mjini. Jina silitaji, mwenyewe bado yupo. Siku hizi nauza vitenge. Nikueleze ambacho mtu aliyekaa kwenye kiti hakioni. Mhudumu anafika saa kumi na moja alfajiri. Juni na Julai za huku mnazijua, na za Mbeya ndiyo usiseme: maji ya kuoshea vyombo yanauma vidole mpaka unashindwa kufunga ngumi. Ikifika saa nane mchana miguu imevimba, na hujakaa tangu ulipofika. Mteja wa saa nane yeye ndiyo kwanza anaingia, anakuona uso umekukaza, anasema una dharau. Hakuna dharau pale. Ni mtu amechoka.

Tusi linauma lakini linapita. Kisichopita ni bosi kucheka pamoja na mteja. Wetu alikuwa akisikia mteja anatutania vibaya, naye anaongezea lake ili mteja afurahi. Kuna mteja alinishika kiuno nimebeba trei ya chai ya moto kwa mikono yote miwili. Bosi akaniambia nisiwe mshamba. Tangu hapo nikawa nazunguka ukutani kukwepa meza za kona, na njia ndefu ikawa kosa jingine: "Huyu naye mzito."

Kwa hiyo mimi nasema, aseme pale pale. Maneno si lazima yawe mengi. Ukifika mezani ukasimama upande wa mhudumu, tayari ameshajua hayuko peke yake. Halafu umtoe: "Binti, nenda kamsaidie mama jikoni, hapa namalizia mimi." Umesema wako alibaki amesimama. Wote huwa tunabaki, maana kuondoka bila kuruhusiwa ni kosa na kuendelea kusimama ni aibu. Mtu wa kutufungua pale ni mwenye mgahawa tu. Na hizi za kushikwashikwa wala usiziite utani. Udhalilishaji wa kijinsia ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Mabinti wengi hawalijui hilo, waambie.

Sasa hili la kukata mshahara. Nilikuja kulielewa nikiwa nimeshaacha kazi, ndugu yangu alipompeleka mwajiri wake CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata kwa sababu tu kapata hasara. Kwanza hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri aandike hasara imetokana na nini, ni kiasi gani na kaipigaje hesabu, na mfanyakazi apewe nafasi ya kuipinga. Akikubali, akubali kwa maandishi. Na hata hapo makato yasizidi robo ya mshahara wake. Mteja kuinuka kwa hasira zake akaondoka, kosa la binti liko wapi?

Piga hesabu uone ukubwa wa jambo. Kwa amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023, kabla ya amri mpya ya Januari 2026, kima cha chini cha migahawa, gesti na baa kilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Ukigawa kwa siku 30 ni 5,000. Kama ndizi nyama yako ni elfu tano, kwa kima hicho kila sahani iliyoachwa pale ni siku yake nzima, tangu alfajiri ya baridi mpaka kufunga. Ndiyo maana akauliza utagawa. Hakuuliza kama utakata, maana hakuwahi kuona mahali ambapo hawakati.

Na wateja wengine nao wana sehemu yao, hili nalisema kwa wote mnaosoma. Pale hotelini kulikuwa na mzee mmoja wa chai na kiazi, hana maneno mengi. Siku vijana fulani wananitupia maneno, akageuza kiti chake akawaambia, "Vijana, huyo ni mjukuu wangu. Mwiteni vizuri." Si mjukuu wake, hata kijiji hatutoki kimoja. Vijana walitulia, mmoja akasema samahani bibie, wakala wakalipa. Hakuna aliyefukuzwa na hakuna aliyepigana. Mzee alirudi kwenye chai yake kama hakuna kilichotokea. Watu mnadhani hayawahusu kwa sababu meza si yenu. Mhudumu hawezi kujibu, kazi yake iko mdomoni mwa mteja na mkononi mwa bosi. Ninyi mnaweza.

Dereva wa Masafa

Mama pole, na hongera kwa kusimama na binti yako.

Mimi nasukuma lori kutoka Dar mpaka Tunduma, mara nyingine navuka kwenda Zambia. Hapo Uyole nakula sana, huenda hata kwako nimeshakula. Niseme upande wetu. Sisi wa barabarani tunafika kwenye meza yako tukiwa tumebeba mengi: foleni ya mpakani, mizani, mlima Kitonga, bosi anapiga simu kila saa anauliza umefika wapi. Haimpi mtu haki ya kutukana, lakini ukijua hasira inatoka wapi unaweza kuizuia kabla haijafika kwa binti.

Nilichoona kwa miaka yangu ya barabara, ugomvi mwingi wa migahawani unaanza na mtu kutokujua. Bei haijaandikwa, anaambiwa mwishoni, anahisi kapigwa. Hajui kipi kipo, anaagiza kuku, anakaa robo saa, anarudi kuambiwa kuku wameisha. Abiria wa basi ndiyo kabisa: kapewa dakika kumi, anasikia honi, hajui chenji yake itarudi kabla basi halijaondoka. Weka bango la bei ukutani, herufi kubwa, na vilivyoisha vifutwe saa ile ile. Wa basi walipe wakati wa kuagiza, siyo wa kumaliza. Na asubuhi uwe na chenji. Mtu anatoa noti ya elfu kumi kwa chai na chapati, binti anakimbia maduka matatu kutafuta kuvunja, akirudi anatukanwa kwa kuchelewa. Lipa namba ibandikwe kila meza.

Kwangu mimi kuna sharti moja kwa utingo wangu: hatuagizi kabla ya kusalimia. Tunaingia, "habari za hapa," tunaulizana za baridi na za barabara, ndipo tunasema tunataka nini. Haichukui hata dakika, na naona kabisa binti anavyolegea mabega. Mifupa hatutupi chini, na kwenye beseni la kunawia hapengwi kamasi. Kuna mtu atayamwaga yale maji kwa mikono yake.

Yule baba wa mluzi hana la foleni wala mizani. Gari dogo, watu wanne, mchana kweupe. Huyo alitaka wenzake wacheke tu.

Mla kwa Mama, Mafiati

Naomba nipingane kidogo. Humu mnaandika kana kwamba wahudumu wote ni malaika. Hapa mjini Mbeya nimeshakaa kwenye mgahawa, mhudumu yuko kaunta anaangalia video kwenye simu, sauti imefunguliwa yote, nimeita mara tatu hageuki. Chakula kinaletwa kimepoa, ukisema anakubetulia mdomo. Sasa kila mteja akilalamika mwenye mgahawa akimbilie "usimtukane binti yangu," sisi tulalamike wapi? Hela yetu nayo tumeitolea jasho. Mimi niko Mafiati, nafanya kazi ya kubeba mizigo, elfu tano ya mchana kwangu si ndogo.

Mama Ndizi, Uyole

@Mla kwa Mama, kaka yangu una haki kabisa, na ungekuwa kwangu ungelalamika na ningekusikiliza. Yule baba aliposema nyama ya baridi, hakuna aliyemjibu vibaya. Ilirudishwa jikoni, ikapashwa, akaombwa radhi. Mpaka hapo alikuwa mteja mwenye lalamiko na tulikuwa upande wake. Kilichofuata hakikuhusu nyama. Alikuwa ameshapata alichotaka, nyama iko mbele yake ya moto, ndipo akaanza kumsema binti shule ilimshinda. Ungekuwepo ungeona tofauti.

Na la simu kwangu limekatazwa. Simu za mabinti zinakaa kwenye droo yangu saa za chakula, ya mtu anayesubiri habari za nyumbani naishika mimi na naipokea. Ila wateja nao mtusaidie: mtu anakula huku anasikiliza mahubiri kwa spika, wa meza ya pili mpira, wa tatu anagombana na mkewe kwa sauti, watu wote wanasikia mambo ya ndani ya nyumba yake. Binti anauliza "maharage au nyama?" mara nne na bado hasikiki, halafu inasemekana hasikilizi.

Mla kwa Mama, Mafiati

Hapo nimekuelewa mama. La spika mimi mwenyewe linanikera. Nikipita Uyole nitaingia.

Mwalimu wa Zamani, Tukuyu

Wanangu, nimefurahi kusoma mazungumzo haya. Mama, mimi naona ulifanya vizuri na mumeo nitamsalimia siku moja tukae naye.

Mnazungumzia migahawa, nami naomba niwakumbushe mtu mwingine ambaye hata meza hana: mfagia choo cha stendi. Mimi nasafiri sana kati ya Tukuyu na Mbeya kwa ajili ya kliniki, nashukia Nane Nane. Kuna mama pale, mtu wa makamo, na ndoo yake na ufagio. Watu wanamrushia sarafu mezani bila kumtazama, wanaingia, wanatoka wameacha hali ambayo hawawezi kuiacha nyumbani kwao, na maji hawakumwaga. Nimemsikia kijana akisema, "Si ndiyo kazi yake?" Kazi yake ni kusafisha choo. Kumfanya ainame mara mbili kwa sababu wewe umeona uvivu kuinua kopo la maji, hiyo haimo kwenye kazi yake. Kijana yule nilimrudisha. Alinitazama, akaona mvi, akarudi akamwaga maji. Wakati mwingine mvi zina kazi yake.

Na huko kwenye daladala nako mtazame wanafunzi. Wana nauli yao ya wanafunzi, ipo kisheria, na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ndio wanaoipanga. Asubuhi utawaona watoto wamelowa mvua ya Tukuyu, Hiace inasimama, konda anawazuia kwa mkono ili aingize watu wazima kwanza. Konda naye ana hesabu ya tajiri ya kupeleka jioni, hilo nalifahamu, simchukii. Lakini sisi watu wazima tuliomo ndani tuna midomo. Mimi husema, "Konda, pakia watoto, tutabanana." Mara nyingi abiria wengine wanaitikia, na akisikia gari zima limesema anapakia. Hakuna konda anayependa kugombana na gari zima kuanzia Tukuyu mpaka Uyole.

Mtoto anayeona mama yake akimwambia mhudumu asante atasema asante. Nimefundisha darasa la kwanza muda mrefu, na mtoto aliyelelewa hivyo nilikuwa namtambua wiki ya kwanza tu, kwa namna anavyopokea daftari.

Binti Kihesa, Iringa

Shikamoo mwalimu. La choo umenigusa, mama yangu mdogo alifanya kazi hiyo hiyo. Alikuwa anasema watu wanaomsalimia anawajua kwa viatu, kwa sababu muda wote ameinama.

Mama Ndizi, Uyole

Mwalimu, shikamoo nakupelekea kwa mikono miwili, na mume wangu nimemsomea ujumbe wako. Amecheka, kasema uje.

Niwaambie tulipofikia. Jumatatu kabla ya kufungua niliwaketisha mabinti wote na mama wa jikoni. Nimewaambia sahani zile nne ni hasara ya mgahawa, hakuna wa kukatwa, na sahani ya mteja aliyekimbia haitaingia kwenye mshahara wa mtu hapa. Nimewasomea na maneno ya Binti Kihesa kuhusu kifungu cha 28 na ile robo, ili siku wakienda kufanya kazi kwingine waende wanajua. Yule binti hakusema kitu. Wa pili ndiye aliyeuliza, "Na vikombe?" Vikombe tumekubaliana vinavunjika, ni vikombe. Mtu akivunja kwa makusudi ni mazungumzo mengine.

Pili, mteja akitukana au akimshika mtu, mhudumu ana ruhusa ya kuondoka mezani bila kuniomba, aje kaunta aniambie namba ya meza tu. Mezani nitakwenda mimi, na nisipokuwepo atakwenda mama wa jikoni na mwiko wake. Hapo wote walicheka na ndipo nilipomwona yule binti ametabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Pia nimeweka kiti kimoja nyuma ya kaunta. Hakikuwepo. Wanapokezana kukaa wateja wakipungua. Na maji ya kuoshea vyombo asubuhi tunachemsha sufuria moja kubwa tunachanganya. Mkaa unaongezeka, ndiyo, lakini vyombo vyenyewe vinatakata mafuta haraka zaidi.

La kuwalipisha wa basi kwanza tumelijaribu, Dereva ubarikiwe. Kelele za honi zikianza hakuna wa kugombana tena, kila mtu ameshalipa, anabeba chapati yake anakimbia. Wachache walinuna wakisema hatuwaamini. Niliwaeleza ni kwa ajili ya chenji yao, wakaelewa.

Kilichobaki ni bango la bei. Nataka la ubao, herufi zinazosomeka kutoka mlangoni, na sehemu ya chaki ya kufutia vilivyoisha. Kama kuna anayemjua fundi wa maandishi pale Mwanjelwa anayefanya kazi safi kwa bei ya kawaida, aniambie yuko upande gani wa soko, nitashuka huko Jumamosi.